Maabara ya muhogo si ghali

Mhariri,

Hapa Bukavu mwanafunzi wa sayansi ya chakula aweza kueleza ubaoni sianidi, sumu ya muhogo mchungu, bila kuwahi kuipima. Mashine hakuna, umeme hukatika. Lakini somo hili linataka beseni, maji na karatasi ya kupimia tu! Lowesha unga, utandaze kwa unene usiozidi sentimita 1, uache kivulini saa 5 au juani saa 2: kimeng'enya, protini iliyomo katika muhogo wenyewe, huvunja sumu, gesi hutoka. Ukirundikwa, gesi hubaki ndani. Karatasi ya pikrati, kemikali ya kupimia sianidi, ni ya njano na hugeuka kahawia sumu ikiwapo. Vyuo vianzie hapo, na mama wauza unga wa Kadutu wakaribishwe darasani. Njaa ikibana, muhogo hutolewa majini kabla ya siku 3, sumu hubaki, na konzo, ugonjwa unaoletwa nayo na kulemaza miguu ya watoto, hauna tiba.

Msomaji, Bukavu