Barua ya wazi kwa Rais wa Kanda ya Tatu ya Africa Aquatics: tuzo ya mwogeleaji bora wa mwaka ihesabiwe, isipigiwe kura

Mheshimiwa Rais,

Salamu kwako na kwa kamati yako. Sisi tunaokuandikia ni wapima muda, waweka matokeo na makocha wa kuogelea katika nchi za kanda hii, kanda ya Afrika Mashariki ya shirikisho la kuogelea barani. Tunaomba Kanda ianzishe tuzo ya mwogeleaji bora wa mwaka, kwa wanawake na wanaume, wakubwa na vijana, itakayopatikana kwa hesabu ya muda ulioogelewa kati ya Januari mosi na Desemba 31. Vikombe vya mwisho wa mashindano vipo na viendelee kuwapo. Tunachokitaka ni tuzo inayotazama mwaka mzima, ambayo mzazi aliyeko Mwanza au Bujumbura anaweza kukaa na kalamu akaihakiki mwenyewe.

Tuzo za namna hii zina historia, na historia hiyo ndiyo inayotufanya tuwe wakali kuhusu kanuni. Jarida la Marekani la Swimming World lilianza kumtangaza mwogeleaji bora wa dunia mwaka 1964, mwaka ambao Don Schollander alitoka Olimpiki ya Tokyo na medali nne za dhahabu. Baadaye jarida hilo likaongeza tuzo za kanda: Marekani, Ulaya, nchi za Pasifiki na Afrika. FINA, shirikisho la kuogelea duniani ambalo tangu 2023 linaitwa World Aquatics, ilianza kutoa tuzo zake za kila mwaka mnamo 2010. Kwa hiyo kwa miaka mingi heshima ya mwogeleaji bora wa Afrika imekuwa ikiamuliwa na wahariri walioko ng'ambo. Hatuwalaumu. Walifanya kazi ambayo wenye mchezo huku hatukuifanya.

Lakini mhariri aliye mbali hutazama medali za Olimpiki na za dunia, kwa kuwa ndizo zinazomfikia. Ndiyo maana majina yanayotawala orodha ya Afrika ni ya watu kama Penny Heyns wa Afrika Kusini, aliyeshinda mita 100 na mita 200 za mtindo wa kifua Atlanta mwaka 1996, na Kirsty Coventry wa Zimbabwe, mwenye medali saba za Olimpiki za Athens na Beijing, ambaye sasa ni Rais wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Wanastahili kila neno la sifa. Kanda yetu nayo imewahi kukikaribia kilele hicho: katika mchujo wa mita 100 kipepeo Beijing 2008, Jason Dunford wa Kenya aliweka rekodi ya Olimpiki ya sekunde 51.14, ikadumu hadi mchujo uliofuata, naye akamaliza wa tano katika fainali. Miaka miwili baadaye akatwaa dhahabu ya mita 50 kipepeo katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, Delhi. Mwogeleaji wa kiwango hicho huonwa hata na aliye mbali. Anayesahaulika ni binti wa Kampala au kijana wa Kigali aliyepunguza sekunde mbili katika mita 100 ndani ya miezi kumi, asiye na medali ya dunia wala mwandishi wa kumwandika. Huyo ndiye tunayemwombea.

Historia hiyo ina somo la pili, chungu zaidi. Mwaka 2013 jarida hilohilo liliwavua waogeleaji wa kike wa Ujerumani Mashariki tuzo za dunia na za Ulaya walizopewa enzi zao, kwa sababu ya dawa ambazo dola lao liliwapa kwa mpango. Uamuzi ulikuja zaidi ya miaka ishirini baada ya nchi yenyewe kutoweka. Afrika nayo ina mfano wake. Oussama Mellouli wa Tunisia alishinda mita 800 mtindo huru kwenye mashindano ya dunia Melbourne 2007, kisha Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo ikamfungia miezi 18 kuhesabiwa tangu Novemba 2006, na ubingwa ule ukafutwa. Alitumikia adhabu, akarudi, akachukua dhahabu ya mita 1500 Beijing. Kwa hiyo kanuni ya kuvua tuzo iandikwe sasa, kabla hajatajwa mtu yeyote: muda wowote unaoangukia ndani ya kipindi kilichofutwa unaondolewa, orodha inahesabiwa upya, na aliyefuata anapewa tuzo kwa jina lake, si kwa barua ya pembeni.

Sasa tuje kwenye hesabu. World Aquatics ina mfumo wa alama unaotumika duniani kote, nasi hatuoni sababu ya kubuni mwingine. Chukua muda wa msingi wa shindano husika, yaani mtindo na umbali wake, ugawanye kwa muda wa mwogeleaji, vyote vikiwa katika sekunde. Jibu lizidishe kwa lenyewe hadi lifike kipeo cha tatu, kisha zidisha kwa 1000 na ukate desimali bila kukadiria juu. Muda wa msingi hutokana na rekodi ya dunia: kwa bwawa la mita 50 hufungwa Desemba 31, na kwa bwawa la mita 25 hufungwa Agosti 31.

Mfano. Mwanaume ameogelea mita 100 mtindo huru kwa 52.00 katika bwawa la mita 50. Tukitumia 46.40, rekodi aliyoiweka Pan Zhanle wa China katika Olimpiki ya Paris 2024, anapata alama 710. Mwanamke aliyeogelea umbali huohuo kwa 58.00, kwa kipimo cha 51.71 cha Sarah Sjöström cha mwaka 2017, anapata 708. Hapo unaweza kuwalinganisha mwogeleaji wa mita 50 na wa mita 800 bila kubishana ni mtindo gani mgumu zaidi.

Penye kuharibika ni katika kuchagua muda wa msingi. Kabla ya 2024 rekodi ya mita 100 ilikuwa 46.86 ya David Popovici wa Romania. Kwa kipimo hicho, ile 52.00 ina thamani ya alama 731. Yaani kijana aliyeogelea 52.00 mwaka 2024 na akairudia 52.00 mwaka 2025 anaonekana ameshuka alama 21, ilhali hajapungua hata nukta moja ya sekunde. Kwa hiyo Kanda itangaze kila Januari jedwali moja la muda wa msingi litakalotumika mwaka mzima wa tuzo, na pasiwe na kulibadilisha katikati hata rekodi ya dunia ikivunjwa mara tatu. Alama za miaka miwili tofauti zisilinganishwe kamwe bila kuhesabiwa upya kwa jedwali moja.

Kosa kubwa kuliko hilo, nalo hutokea sana kwetu, ni kuchanganya mabwawa. Mashindano mengi ya kanda hii hufanyika katika mabwawa ya shule ya mita 25, na machache katika mabwawa ya mita 50 kama la Kasarani, Nairobi. Katika mita 100, bwawa fupi lina kugeuka mara tatu na refu mara moja, na kila anapogeuka mwogeleaji husukuma ukuta na kusafiri chini ya maji kwa kasi kuliko ya mikono. Ndiyo maana muda wa bwawa fupi huwa mdogo na una jedwali lake. Ile 52.00, ikiwa iliogelewa katika mita 25 na kupimwa kwa 44.84 ya Kyle Chalmers ya mwaka 2021, ina alama 641 tu. Karani akikosea kisanduku kimoja kwenye programu ya matokeo, akaandika bwawa refu badala ya fupi, amempa mtoto alama 69 asizozifanyia kazi, na amemnyang'anya tuzo mwenzake. Kila faili la matokeo liwe na urefu wa bwawa kwenye ukurasa wa kwanza, umesainiwa na mwamuzi mkuu.

Na bwawa lenyewe lipimwe. Kanuni inaruhusu urefu uzidi kwa milimita 10 tu, na hairuhusu upungufu hata kidogo. Vipimo huchukuliwa kwenye kila njia, kutoka sentimita 30 juu ya maji hadi sentimita 80 chini yake, na pedi za kugusia za mitambo ya kupima muda zikishafungwa ukutani, kwa sababu pedi ina unene na hula urefu. Bwawa lililojengwa bila kuacha nafasi ya pedi huwa pungufu siku pedi zinapofungwa. Yapo pia mabwawa yaliyojengwa kwa yadi 25, ambazo ni mita 22.86. Muda wa humo haubadilishwi kwa kuzidisha na namba ya kubahatisha, unaachwa nje. Hili linawagusa sana vijana wetu walioko vyuo vya Marekani, ambako msimu mzima wa chuo huogelewa kwa yadi. Wao washindanie tuzo kwa muda wanaoupata katika mita kwenye miezi mingine, nao waambiwe hivyo mapema ili wapange mashindano yao.

Kuhusu upimaji wa muda, tuna msimamo. Mitambo ya elektroniki ni bora, lakini Kanda ikisema elektroniki pekee, itakuwa imefuta nusu ya mashindano yetu. Saa za mkono zikubaliwe kwa masharti: wapima muda watatu kwa kila njia. Saa mbili zikilingana, huo ndio muda. Zote tatu zikitofautiana, unachukuliwa wa katikati. Ikiwa saa moja imefeli, mbili zilizobaki zinatafutiwa wastani. Njia yenye mpima muda mmoja isiingie kwenye tuzo. Mpima muda huchelewa kidogo kubonyeza anapousikia mlio wa kuanzia, lakini mwishoni anamwona mwogeleaji akija na huwahi. Ndiyo sababu muda wa mkono huelekea kuwa mzuri kuliko ukweli, na katika mita 50 tofauti hiyo huamua mshindi. Tunapendekeza kila mwogeleaji ahesabiwe alama za mashindano mawili, na walau mojawapo liwe limepimwa kwa elektroniki.

Tumesema mawili, na tueleze kwa nini. Ukihesabu shindano moja tu, tuzo itaelekea kwa wenye mita 50, ambazo zipo kila wikendi. Ukihesabu matano, atashinda mwenye nauli. Mawili yanatosha, mradi yawe ya mitindo tofauti, au ya mtindo mmoja wenye umbali unaoachana kweli: mita 100 na 400 sawa, mita 50 na 100 hapana. Mita 50 za kipepeo, mgongo na kifua zihesabiwe bila kusita, kwani zimeingizwa kwenye Olimpiki ya Los Angeles 2028. Alama zikifungana, tazama shindano la tatu.

Katika kupokezana, muda wa anayeanza ndio pekee unaohesabika, kwa kuwa anaondoka kwa mlio kama wengine. Wanaofuata huanza mwili ukiwa tayari kwenye mwendo, na muda wao haulingani na wa kawaida. Wasioamini wakumbuke kwamba Pan Zhanle aliweka rekodi ya dunia ya 46.80 Doha, Februari 2024, akiwa wa kwanza katika kupokezana.

Mwinuko wa miji yetu ni jambo linalotuumiza kichwa kwa haki. Dar es Salaam iko usawa wa bahari, Kigali iko zaidi ya mita 1,500 juu yake, Addis Ababa zaidi ya 2,300. Hewa nyepesi huadhibu mashindano ya mita 400 na kuendelea. Hatupendekezi kuongeza alama za fidia, maana kila nchi italeta kanuni yake. Dawa ni kupanga walau mashindano mawili ya kanda kwa mwaka, moja likiwa katika mji wa chini.

Waogeleaji wenye ulemavu wana madaraja na alama zao, na wapewe tuzo yao kwa alama hizo, sherehe ileile, jukwaa lilelile. Kuogelea baharini na ziwani hakuna muda wa kulinganisha, kwa hiyo huko itumike nafasi ya kumaliza.

Kazi ngumu ya kweli ni majina. Mtoto mmoja huandikwa kwa majina mawili Nairobi na kwa majina matatu Arusha, programu ikamhesabu kuwa watu wawili, alama zake zikagawanyika. Kila mwogeleaji awe na namba moja ya Kanda kwa maisha yake yote, inayoambatana na tarehe ya kuzaliwa na nchi yake. Umri wa vijana uhesabiwe kwa siku ya Desemba 31 ya mwaka wa tuzo. Tarehe za kuzaliwa zibaki ofisini. Mtandaoni utoke mwaka tu, maana hawa ni watoto.

Ratiba tunayoipendekeza ni hii: vyama vya nchi vitume mafaili ya matokeo ndani ya siku saba baada ya kila mashindano, na lango lifungwe Januari 15. Orodha ya awali, ikiwa na muda, alama, bwawa, tarehe na aina ya upimaji kwa kila jina, itoke Januari 31. Pingamizi zipokelewe kwa siku 14, kwa maandishi, kupitia chama cha nchi. Washindi watangazwe mwisho wa Februari. Kamati iwe na watu watatu wa nchi tatu tofauti, na asiwemo kocha ambaye mwogeleaji wake yumo katika kumi bora. Kamati hiyo ihakiki tu. Isiwe na kura.

Tunaomba suala hili liingie kwenye ajenda ya mkutano ujao wa Kanda, na jedwali la muda wa msingi lisambazwe kwa vyama vyote kabla msimu haujaanza. Rasimu ya kanuni pamoja na karatasi ya kukokotolea alama tumeziandaa, na tutazikabidhi kwa katibu wako siku atakayotutajia.

Wako katika mchezo,

Wapima muda, waweka matokeo na makocha wa kuogelea, Afrika Mashariki