Pakiti ya ORS sio ya kikombe kimoja

Ndugu Mhariri,

Juzi usiku nilimkimbiza mtoto wa dada yangu hospitali kwa bajaji, ana miezi 11, anatapika na kuharisha tangu mchana, macho yameingia ndani, analia machozi hayatoki. Pale emajensi kila mtu ana mchawi wake, huyu anasema meno, yule kiporo, bibi mmoja akasema kabisa ni jicho la mtu. Nesi akatwambia kwa watoto wadogo hivi mara nyingi ni virusi, kina rota na noro, ndo maana antibayotiki tulizonunua duka la dawa hazikufua dafu, ila ukiona choo kina damu hapo ni habari nyingine, inaweza kuwa bakteria kama shigela na dawa yake anaandika daktari.

Chanjo ya rota ipo kliniki tangu 2013, wiki ya 6 na ya 10. Wa kwetu alipata moja tu, ya pili dada alikuwa safari (na mimi nilijua nikanyamaza).

Kilichoniuma zaidi ni ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji anaopewa anayeharisha. Tulikuwa tunamwaga pakiti nzima kwenye kikombe cha chai! Kumbe ile yetu ni ya lita 1 ya maji safi, ukiikoleza chumvi inamzidi mtoto. Maelekezo yapo kwenye pakiti ila maandishi kama sisimizi. Mhariri, hebu yachapeni gazetini kwa herufi kubwa, hata pale kwenye ukurasa wa mikeka ya kubeti, wababa tutayaona.

Mjomba mtu,
Mbagala, Dar es Salaam