Asilimia zisizo na mwenyewe

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka Mombasa. Sisi tu wazima, na bibi yako hachoki kukuombea dua.

Ile picha uliyoitia kwenye kundi la familia nimeiona: nyuso mbili za wagombea urais, asilimia chini ya kila uso, na maneno yako, "Mama, mambo yamekwisha." Nimeikuza nikaitazama pembe zote. Haina tarehe, haina idadi ya waliohojiwa, wala haisemi nani aliyelipia utafiti huo. Sheria yetu ya kura za maoni ya mwaka 2012 inataka mambo hayo yatajwe wazi pamoja na kiwango cha makosa, tena inakataza kuchapisha matokeo ya kura hizo siku tano za mwisho kabla ya uchaguzi. Hizo ndizo habari zinazokatwa kwanza watu wanapoanza kusambaziana kwa simu.

Na kiwango cha makosa si pambo. Wakihojiwa watu 2,000 waliochaguliwa vizuri, kila asilimia yaweza kupanda au kushuka kwa mbili na kidogo. Mmoja akiwa na 44 na mwenziwe 42, hapo hujaambiwa nani anaongoza. Kisha kuna wasiotaka kusema na wasioamua bado, ambao wachora picha huwafuta kabisa.

Mwaka 2022 ulikuwa bado shuleni, lakini mimi nakumbuka vizuri. Wiki ya mwisho kabla ya tarehe 9 Agosti, watafiti wa kampuni ya Ipsos walimpa Raila Odinga asilimia 47 na William Ruto 41, na kampuni nyingine zikamweka Raila mbele vilevile. Tarehe 15 Ruto alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.49 dhidi ya 48.85, tofauti ya kura 233,211. Sisemi watafiti wale walidanganya. Waliuliza watu wakajibiwa, lakini anayejibu swali leo si lazima apange foleni kesho. Waliojitokeza mwaka ule walikuwa kama asilimia 65 tu ya waliosajiliwa.

Siku zile za kuhesabu zilinifunza zaidi. IEBC, tume yetu ya uchaguzi, iliweka Fomu 34A, yaani fomu za matokeo ya kila kituo, za vituo zaidi ya 46,000 kwenye mtandao, kila mtu azione. Runinga zikaanza kujumlisha zenyewe, na kwa saa ileile hii ikamwonyesha Ruto mbele, ile Raila. Fomu zilikuwa zilezile, ila kila chumba cha habari kilianza na rundo lake. Mtaani kwetu watu walikuwa wameshaanza kuitana wezi kabla hesabu haijafika nusu.

Linaloniuma hasa, mwanangu, ni hao wanaoona picha kama yako wakasema, "Wetu keshashinda, ya nini kupanga foleni?" au, "Wetu keshashindwa, nalala." Mtengenezaji wa picha hahitaji kuiba kura hata moja ikiwa watu wenyewe wamebaki nyumbani.

Basi muulize aliyekutumia: nani aliyefanya utafiti huo, lini, na nani aliyelipa? Akikosa jibu, ifute kwenye kundi usiku huu, kabla shangazi zako hawajaipeleka kwenye makundi yao. Na ukija likizo njoo na kitambulisho, twende ukajisajili.

Mama yako