Mama, dawa ya Wachina siitumi

Guangzhou

Mama mpendwa,

Shikamoo. Huku sijambo, baridi tu. Mwanaidi kaniambia unaitaka ile dawa ya kuchemsha iliyomtoa homa jirani yangu. Ngoja kwanza nikueleze ilivyo.

Inaitwa maxingshigan-yinqiaosan, mseto wa vitu 12. Nusu yake ni ya zama za Han, miaka kama 1,800 iliyopita; nusu ya pili ni ya mganga Wu Jutong, aliyeiandika mwaka 1798. Muuzaji anavuta droo moja moja, anapima kwa mizani, anamwaga kwenye karatasi: urukususu, kokwa za aprikoti, maua makavu ya jinyinhua, qinghao ambayo ni jamii ya pakanga yetu, hata jasi, jiwe lenyewe limepondwa! Jasi hutangulia kuchemka. Nanaa hutiwa mwishoni isipoteze harufu. Kwa uchungu wake, mwarubaini una afadhali.

Wala si maneno matupu. Mwaka 2009, wakati wa mafua ya nguruwe, madaktari wa huku waliwagawa wagonjwa 410 kwa makundi. Nusu ya wasiopewa dawa walipoa homa ndani ya saa 26, waliomeza oseltamivir, dawa ya hospitali ya mafua, saa 20, waliokunywa mseto huu saa 16. Maabara nako wameona kwamba baikalini, iliyomo kwenye mzizi wa huangqin, mmoja wa mimea ya mseto huu, hupunguza kemikali zinazochochea uvimbe. Ila hakukuwa na dawa bandia ya kulinganishia, kila mmoja alijua anachokunywa, na aliyezidi miaka 59 hakuchukuliwa. Wewe je?

Halafu humo kuna mmea mwingine, mahuang, Mama. Ina efedrini, inapandisha presha. Urukususu nao ukizidi ni vilevile. Nawe kila asubuhi unameza vidonge vya presha! Hapo ndipo nilipokataa.

Ukipata homa, nenda zahanati upime malaria kwanza. Ikionekana, hiyo dawa mseto watakayokupa asili yake ni hiyohiyo qinghao. Tu Youyou, mama wa Kichina, ndiye aliyeongoza kazi ya kuitoa humo, akapata tuzo ya Nobel mwaka 2015. Kwa hiyo dawa ya Wachina unayo tayari, tena iliyopimwa.

Mtoto wa Mama Salma anakuja huko wiki ijayo, nimempa mashine ya kupimia presha. Upimwe umekaa, umetulia, si unatoka jikoni mbio. Mwanaidi anitumie namba kila Ijumaa.

Msalimie Babu.

Mwanao