Bega la barabara ndiyo njia ya mtalii wa baiskeli kuingia mji mdogo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nizungumzie jambo ambalo watu wa utalii na watu wa barabara hulijadili kila mmoja kivyake, ilhali ni jambo moja. Nina maana ya utalii wa baiskeli katika barabara kuu za mashambani, zile zinazosifiwa kwa mandhari yake, na hatima ya miji midogo iliyopangana kandokando yake. Tangazo hata likipendeza namna gani, msafiri wa baiskeli atakuja, na atarudi, iwapo tu ukanda wa lami ulio nje ya mstari mweupe, ule ambao mafundi huuita bega la barabara, unapitika.

Mwenye gari huumaliza mji mdogo kabla hajalisoma jina lake vizuri. Msafiri wa baiskeli aliyefunga mizigo yake kwenye keria huenda kilomita 60 hadi 100 kwa siku, kwa kadiri milima na upepo vitakavyomruhusu, na kwa kuwa injini ni miguu yake mwenyewe, njaa na kiu humsimamisha kila baada ya saa moja au mbili. Hawezi kubeba akiba ya wiki nzima, kwa hiyo hununua kidogo kidogo, hapa maji, pale matunda, mbele kidogo chakula cha moto. Jua likianza kushuka hasemi atasogea kilomita 150 zaidi kutafuta kitanda kizuri. Hulala pale alipofika. Wahenga waliosema mgeni njoo mwenyeji apone wangemtambua mgeni huyu mara moja, maana hata kama fedha zake si nyingi, huziacha mahali ambapo wageni wengine hawasimami kabisa.

Mifano ipo. Huko New Zealand, katika eneo la Otago ya Kati, reli ya zamani ilifungwa mwaka 1990, na mwaka 2000 tuta lake likafunguliwa kuwa njia ya baiskeli yenye urefu wa kilomita 152 kutoka Clyde hadi Middlemarch. Vijiji ambavyo viliachwa na treni vikaanza tena kupokea wasafiri, safari hii wakiwa na vumbi miguuni na hamu kubwa ya kula. Nchini Japani, njia ya Shimanami Kaido, iliyofunguliwa mwaka 1999, huunganisha Onomichi na Imabari kwa takriban kilomita 70, ikipita juu ya madaraja na katikati ya visiwa. Kinachonivutia zaidi huko ni kitu rahisi kabisa: mstari wa buluu uliochorwa pembeni mwa barabara za kawaida, unaomwongoza mgeni kupita vijijini bila kuuliza njia kila kona.

Najua jibu litakalotolewa, kwamba wenzetu hao walikuwa na reli iliyokufa au madaraja mapya, na sisi tuna barabara moja tu inayogombaniwa na malori. Jibu hilo halitoshi. Mwaka 1976 Wamarekani walizindua njia ya baiskeli ya kuvuka nchi yao, kutoka Astoria katika jimbo la Oregon hadi Yorktown katika jimbo la Virginia, umbali wa zaidi ya kilomita 6,700, na karibu yote ilipita katika barabara za mashambani zilizokuwapo tayari. Kilichofanyika ni kuchagua barabara zisizo na msongamano, kuchora ramani nzuri na kuzungumza na miji iliyoko njiani. Maelfu waliiendesha mwaka ule, wengine nzima na wengine vipande, na hadi leo inaendeshwa. Ipo miji midogo kwenye njia hiyo inayomruhusu msafiri kupiga hema katika bustani ya umma.

Sasa nirudi kwenye bega, maana hapo ndipo mambo yanapoharibika. Bega likiwa na upana wa mita moja na nusu, lenye lami nzima na safi, mtu huendesha akitazama milima. Likiwa limejaa kokoto, chupa zilizovunjika na mabaki ya matairi, hutazama chini tu, na mara kwa mara hulazimika kuingia kwenye njia ya magari. Lori likikupita kwa karibu, upepo wake hukusukuma nje kwanza, kisha hukuvuta kuelekea ubavuni mwake, na mtu aliyeonja hali hiyo mara mbili tatu huona heri apande basi. Nimewahi kukaa chini kando ya barabara nikipapasa sehemu ya ndani ya tairi kwa ncha za vidole, nikitafuta kilichonipa pancha mbili ndani ya saa moja. Kilikuwa kipande cha waya chembamba kama unywele, kifupi kuliko punje ya mchele, kilichochomoka kwenye tairi la lori lililopasuka. Ufagio ungekiondoa.

Kuna kasoro nyingine ambayo asiyeendesha baiskeli haioni. Barabara inapowekwa lami mpya, mara nyingi lami hiyo huishia kwenye mstari mweupe na bega huachwa lilivyo, hivyo katikati yao hutokea kingo yenye kina cha vidole viwili au vitatu, na gurudumu jembamba likiigusa kwa pembeni mwendeshaji huanguka, tena upande wa magari. Mabega mengine hukatika ghafla yafikapo darajani. Vijifereji vinavyokatwa kwenye lami ili kumzindua dereva anayesinzia vinaokoa maisha, sitaki viondolewe, lakini vinaweza kuachiwa mianya ya mita tatu na ushee kila baada ya mita 12 hadi 18, kama miongozo ya Marekani inavyoelekeza, ili baiskeli ipate pa kuvuka. Na sheria itamke umbali wa kupita: Hispania inamtaka dereva aiache baiskeli kwa mita moja na nusu, na Ufaransa inataka hivyohivyo nje ya miji.

Miji nayo ina sehemu yake, ingawa ni ndogo. Huko Quebec, nyumba ya wageni inayotaka kutambuliwa rasmi kuwa inapokea waendesha baiskeli hutakiwa kuwa na mahali pa kufungia baiskeli kwa usalama usiku. Ukiongeza pampu, fundi anayeweza kuziba tyubu, na bango la kweli linalosema mji unaofuata uko kilomita ngapi, mgeni ameshapata karibu kila anachohitaji.

Kwa hiyo ombi langu kwa wahandisi wa barabara na madiwani ni dogo. Kabla ya mkataba ujao wa kuweka lami, wachague miji miwili inayofuatana, wapande baiskeli zenye mizigo, na waende kutoka mmoja hadi mwingine siku ya kawaida ya kazi, malori yakiwa barabarani. Kisha ndipo wakae kuandika vipimo vya bega.

Wasalaam,
Msomaji wako, mwendesha baiskeli