Risala ya Klabu ya Fizikia kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, mkuu wa shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu, karibuni sana na asanteni kwa kuja.

Kwa kifupi mheshimiwa, mwanga wa leza unaweza kusokotwa kama kamba. Mwaka 1992 kule Leiden, Uholanzi, mwanafizikia Les Allen na wenzake walionyesha kwamba mwale una msokoto wake. Na idadi ya misokoto unaweza kuifanya herufi, yaani kila idadi na herufi yake. 2014 watafiti wa Vienna, Austria, wakarusha picha ya mwanamuziki Mozart kwa mwanga wa hivo juu ya jiji, kilomita 3. Sisi nasi hatujalala! Kwa plastiki tuliyoiprinti mistari inayogawanyika katikati kama uma, ambayo ndiyo inayousokota mwanga, tumetuma jina la shule, herufi kwa herufi, korido nzima, na hilo kwa shule ni hatua kubwa sana.

Shida yetu ni hewa. Ya joto na ya baridi zinapinda mwanga tofauti, zikichanganyika mwale unafika umevurugika. Asubuhi tunaona ukutani pete safi yenye giza katikati, mchana korido ikishapata joto pete inatetemeka, inakatika, lile giza linagawanyika mawili, na kamera inasoma msokoto wa 2 kama wa 1 au wa 3, basi jina la shule linatoka halisomeki. Kuongeza nguvu ya leza hakusaidii, mwanga upo wa kutosha, kilichoharibika ni umbo lake.

Dawa ni kioo kinachobadilika umbo, nyuma kina visukumio vidogovidogo, kamera inapima mwale umepindaje na kompyuta inakiamuru kioo kijipinde kinyume chake, tena na tena kila sekunde. Wanaastronomia wanavitumia vioo hivi siku nyingi kwenye darubini zao. Programu tumeshaiandika, inasubiri kioo tu.

Mheshimiwa, kwa heshima zote, ombi hili la kioo sio geni. Mgeni rasmi wa mwaka juzi alisema limekwisha, tukapiga makofi, wa mwaka jana akaliandika kwenye daftari lake, tukapiga tena, na aliyesoma risala ile ya kwanza ameshamaliza shule hajakiona hicho kioo. Hatumlaumu mtu, ila imetuuma.

Tunaomba kioo kimoja, hata kidogo, hata kilichokwishatumika maabara nyingine. Na kama haiwezekani, tunakuomba sana utuambie leoleo, hapahapa, tujue.

Tunaomba kuwasilisha.