Barua ya malalamiko: suruali ya pikipiki mliyoniuzia, kwenye goti mumetia sponji

Kwa meneja wa duka, Nairobi

Kutoka kwa mteja wenu, Malindi

YAH: SURUALI YA PIKIPIKI NILIYONUNUA KWENU KWA SHILINGI 8,500

Assalam aleikum na habari za kazi.

Nimewatumia meseji kumi na moja kwenye WhatsApp na nimepiga simu mara nne. Mara ya mwisho alishika kijana mmoja akanambia "dada ngoja nikuitie bosi" alafu simu ikakatika na tangu siku hiyo haishikwi tena, kwa hivo nimeona niandike kila kitu mahali pamoja kuanzia mwanzo, ili bosi akija kusoma asiwe na la kuuliza.

Mimi ni mgeni kwenye mambo ya pikipiki. Nakaa Malindi na nafanya kazi Watamu, mapokezi kwenye nyumba ya wageni, na shifti zangu zingine zinaisha usiku wakati matatu zishapungua pale Gede unasimama stejini mpaka miguu inauma. Ndo nikanunua Boxer ya mkono wa pili, mjombangu ambaye ni bodaboda miaka mingi akanifundisha kule barabara za Ganda mpaka nikaiva, nikatoa leseni. Mamangu hakutaka kabisa. Alilia. Mwisho akakubali kwa sharti moja, kwamba sitapanda hiyo pikipiki bila nguo za kujikinga mwili mzima, si helmeti peke yake, na mimi nikamuahidi.

Helmeti, glavu na jaketi lenye pedi nilipata Mombasa, nikajaribu pale pale dukani. Shida ikawa suruali. Huku kwetu watu wanapanda na jinzi, na kikoi, na kaptula na slipa, na sheria yenyewe ya trafiki inataka helmeti na jaketi la kung'aa, suruali haisemi chochote. Kwa hivo ukiitafuta suruali ya kinga uko peke yako, hakuna askari atakayekuuliza wala fundi wa mtaani atakayekwambia hii ni nzuri hii ni mbovu, unabaki kumtegemea muuzaji. Na muuzaji niliyemtegemea ni nyinyi, kwa sababu tangazo lenu liliandika kwa Kiswahili kabisa "suruali ya kinga, daraja la AA, pedi za levo 2 magotini na nyonga, inafaa joto la Pwani". AA ni daraja la uimara wa nguo ikiburutika kwenye lami, na levo ni kipimo cha pedi kuzuia kishindo, nitaeleza zaidi huko chini.

Sikulipa kwa pupa. Skrinshoti ninazo zote. Niliwauliza kama hiyo AA imeandikwa kwenye lebo ndani ya suruali, mkajibu "ndio dada iko". Nikauliza pedi ni za levo gani, mkajibu "level 2 original". Nikawaeleza kwamba mimi navaa shati refu la kufika mapajani juu ya suruali na sitaki ya kubana, nataka pana ya heshima, lakini nimeambiwa suruali ikiwa pana sana pedi inazunguka, je ina mikanda ya kukazia pale kwenye goti, mkajibu "iko sawa dada usijali". Nikauliza urefu, kwa sababu ukikaa kwenye pikipiki suruali inapanda juu na mimi sitaki shavu la mguu liguse ekzosi, mkanambia nitoe kipimo cha kiuno tu, urefu ni wa wote. Hapo nilisita kidogo, lakini nikatuma pesa, 8,500 ya suruali na 450 ya kusafirisha kwa basi. Kwa mshahara wangu hiyo si pesa ndogo, niliiweka miezi mitatu.

Suruali ilifika. Kwa nje ilipendeza, nyeusi, ina nyavunyavu mapajani za kupitisha upepo, ina zipu mbili. Mikanda ya magotini hakuna. Niliwaandikia siku ile ile mkanambia "hiyo ni modeli mpya, haihitaji mikanda". Nikaamini, kwa sababu sikuwa na kitu cha kulinganisha nacho. Lebo ndani ilikuwepo, nikaiona nikatosheka, kumbe ni lebo ya kufulia tu, maji ya uvuguvugu na usipige pasi. Alama ya lebo ya kinga inafananaje, wakati huo sikujua.

Sasa niwaambie kilichotokea.

Ilikuwa asubuhi, natoka Malindi, nimefika pale Gede pa kukata kushoto kuingia barabara ya Watamu. Mchanga ulikuwa umemwagika kwenye lami pale kwenye kona. Nilikuwa mwendo wa pole, thelathini kwa saa haizidi, nimeshapunguza gia. Gurudumu la mbele likateleza nikaanguka upande wa kushoto nikaburutika kidogo, si mbali, labda hatua nne tano. Watu wa stejini wakaja mbio wakaniinua, Mungu awabariki, mama mmoja muuza mahamri akanifunga goti kwa leso yake mwenyewe.

Jaketi la Mombasa lilikwaruzika kwenye kiwiko na mkono wangu mzima, hata ngozi haikubadilika rangi. Suruali yenu ilifunguka mshono wote wa pembeni kuanzia juu ya goti mpaka chini, haikuchanika kitambaa, uzi ndo uliachia, umeshonwa mstari mmoja kama suruali ya shule. Na pedi haikuwa kwenye goti. Ilikuwa imeteremka na kuzunguka iko kwenye muundi kwa upande wa ndani, goti langu likakutana na lami hivi hivi. Nimeshonwa nyuzi sita na nimekaa nyumbani siku tisa bila malipo, na mwendo ulikuwa thelathini. Kila nikifikiria ingekuwa barabara kuu ya Mombasa, pale malori yanapokimbia, nashindwa kulala.

Nyumbani niliitoa ile pedi mfukoni mwake. Kwa nje ni kitambaa cheusi kigumu chenye chapa ya ngao, kinapendeza. Nikaibana kwa vidole viwili, kidole na kidole vikakutana. Nikachukua wembe nikaipasua katikati. Ndani ni sponji ya manjano, ile ile ya godoro, na mtoto wa dadangu alipoiona akasema "hii ni ya mto". Kwenye nyonga hakuna hata hiyo sponji, kuna mfuko mtupu wenye velkro.

Binamu yangu wa Mombasa anaendesha pikipiki kubwa, alikuja kuniona akaja na suruali yake. Akaigeuza ndani nje akanionyesha lebo na nikaishika kwa mkono wangu. Kuna picha ndogo ya mtu juu ya pikipiki, kuna alama ya CE ya viwango vya Ulaya, kuna nambari EN 17092 ambayo ni kiwango cha nguo za pikipiki, na chini yake herufi AA. Akatoa pedi yake ya goti, nzito, inapinda ukiipinda polepole lakini ukiipiga ngumi inakuwa ngumu, na imechapwa kwenye mwili wa pedi yenyewe, si kwenye kikaratasi: EN 1621-1:2012 ambayo ni kiwango cha pedi, herufi K ya goti, na namba 2 ya levo. Yake ina pia T+, maana yake imejaribiwa kwenye joto la nyuzi 40, na nyinyi mliandika inafaa joto la Pwani, basi T+ ndo ingekuwa ushahidi wa maneno yenu, kwa sababu pedi nyingi za aina hii zinalainika kwenye joto na huku wakati wa kaskazi ukiacha suruali kwenye tanki ya pikipiki nusu saa huwezi kuishika.

Tangu siku hiyo nimesoma sana, nimelala nayo hii habari. Nawaandikia nilichokielewa kwa sababu nadhani wanaowajibia WhatsApp hawajui wanachouza. Madaraja ya nguo ni AAA, AA, A, B na C. Kitambaa kinafungwa kwenye mashine inayozunguka kwa kasi alafu kinaachiwa kwenye zege kisuguane mpaka kisimame, na kwenye sehemu za hatari zaidi AAA inapimwa kwa kasi ya kilomita 120 kwa saa, AA kwa 70, na A kwa 45. Kisipotoboka kimepita. Mishono nayo inapimwa kwa kuvutwa. B haina pedi kabisa, na C ni ya kushikilia pedi tu, haina kinga ya kuburutika. Pedi nazo zinapigwa kwa uzito wa kilo tano na wanapima nguvu inayopenya upande wa pili, levo 1 kwa wastani isizidi kilonyutoni 35 (kilonyutoni ni kipimo cha nguvu) na levo 2 isizidi 20. Hiyo sponji yenu mtu yeyote akiibana tu atajua haijawahi kupelekwa kwenye kipimo chochote. Kwa hivo mlipoandika AA mliandika neno lenye maana, si urembo. Mimi nimeanguka chini ya nusu ya kasi ya AA na mshono umefunguka wote.

Na kuhusu ukubwa. Mteja mpya akiwauliza urefu msimwambie ni wa wote. Suruali ya pikipiki inajaribiwa umekaa, si umesimama. Pedi ukisimama inaweza kuonekana iko chini kidogo ya goti, lakini ukikunja mguu kama uko kwenye pikipiki lazima ikae katikati ya goti, na ndo maana suruali nzuri zina mfuko wa pedi wenye velkro ya kupandisha na kushusha. Nyonga pia pedi ikae kwenye mfupa ule wa pembeni, isiende nyuma. Wanawake tuna nyonga na kiuno tofauti na wanaume, mkituuzia za kiume lazima mtuambie. Haya yote nilikuwa tayari kuyapima kwa futi ya fundi na kuwatumia, niliwaambia hivo kwenye meseji, hamkutaka.

Nilipowatumia picha za suruali na za goti langu mlinijibu mara moja tu, kwamba bidhaa ikishatumika hairudishwi. Hilo ndo liliniuma kuliko goti. Suruali ya kinga utajuaje ubovu wake bila kuitumia? Kasoro ya hii ilikuwemo tangu inatoka dukani kwenu, mimi sikuitia sponji wala sikuitoa lebo. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 46, inampa mteja haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa, haki ya kupewa habari za kutosha, na haki ya kulindwa afya na usalama wake. Na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inakataza kumwambia mnunuzi maneno ya uongo kuhusu ubora na daraja la kitu. Nyinyi mliniambia daraja, mliniambia levo, mliniambia lebo ipo. Matatu yote si kweli.

Ninachotaka ni hiki. Mnirudishie 8,500 ya suruali na 450 ya basi, kwa njia ile ile ya M-Pesa niliyolipia. Gharama za kushonwa na dawa ni 3,200, risiti ninayo, nataka mlipe na hiyo. Siku tisa za kazi sizidai japo ziliniuma. Alafu, na hili kwangu ni kubwa kuliko pesa, mtoe maneno AA na levo 2 kwenye tangazo la suruali hiyo leo, si kesho, kwa sababu jana nimeangalia bado yapo na kuna mtu chini yake ameuliza kama inamfaa mwanawe anayeanza kuendesha. Na wale mliokwisha kuwauzia wapigieni simu, namba zao mnazo kwenye oda zenu, muwaambie pedi zilizomo si za kinga wakatafute nyingine za kuweka kwenye ile mifuko kabla hawajaanguka. Hata kama suruali hamtaibadilisha, angalau wajue wanapanda na nini.

Kama mlidanganywa na aliyewaletea mzigo, semeni, nitaelewa, mtu anaweza kuuziwa kitu asikijue. Lakini mkishaambiwa mkaendelea kuuza, hapo nitawaona mnajua.

Nimewapa siku 14 kuanzia leo. Zikipita bila jibu nitapeleka nakala ya barua hii, skrinshoti zote na pedi yenyewe niliyoipasua kwa Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, na suruali nitakwenda nayo kwenye mahakama ya madai madogo. Kwa sasa iko kwenye mfuko wa plastiki juu ya kabati, sijaifua, mchanga wa Gede bado umo mshononi na damu imekauka kwenye kitambaa cha goti. Mkitaka kuiona kabla ya hapo tumeni mtu wenu Malindi nitamfungulia, lakini kwa basi siitumi tena.

Namba yangu mnayo kwenye oda.

Mteja wenu,
Malindi

Vilivyoambatanishwa: skrinshoti za mazungumzo, meseji ya malipo, picha sita za suruali na pedi, risiti ya matibabu.